Maswali yenu ya vyoo: hesabuni matundu, sio milango

Tangu niandike kuwa foleni ya choo cha wanawake stendi ni ndefu kwa sababu matundu yetu hayatoshi, na kwamba kuongezewa ni haki yetu, meseji zimemiminika, nimechagua hizi.

*Dada, choo cha stendi yetu wanaume chumba kimoja, wanawake chumba kimoja, ukubwa uleule. Foleni yenu ni stori na kujipodoa, mnataka haki gani tena?*

Kaka, hili nimeshalijibu mara ngapi jamani. Ingia huko kwenu uhesabu. Kwenye chumba cha ukubwa uleule nyie mna matundu matatu na ukuta wa kukojolea wanaosimama watu sita kwa mpigo, sisi tuna matundu manne basi. Halafu mwanaume anafungua zipu kamaliza, mwanamke anafunga mlango, anatafuta pa kuweka mkoba, anapandisha dera, anachuchumaa, mwingine yuko kwenye siku zake anabadilisha pedi, mwingine mjamzito. Juzi nimesimama nyuma ya mama mmoja kaung'ata mkanda wa mkoba kwa meno, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, sakafu imejaa maji na ukutani hakuna hata msumari. Huyo ndo anajipodoa? Serikali yetu yenyewe mashuleni inataka tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, maana yake inajua wanawake wanahitaji matundu mengi zaidi, sema ukishatoka geti la shule hakuna anayekumbuka. New York walipitisha sheria mwaka 2005, baa mpya, kumbi za sinema na viwanja viweke matundu mawili ya wanawake kwa kila moja la wanaume.

*Kwa nini tulipie 300 wakati wanaume wanamalizana na ukuta bure?*

Hakuna sababu. Mumbai kule India wanawake waliligomea hilohilo mwaka 2011, kampeni yao ikaitwa Right to Pee, yaani haki ya kukojoa, kwa sababu vyoo vya manispaa wanaume walikuwa wanakojoa bure wao wanatozwa. Piga hesabu ya mama ntilie anayeingia mara nne kwa siku, 1,200 hiyo, siku 26 za kazi ni 31,200 kwa mwezi, anailipa kwa kuwa mwanamke tu. Ndo maana wengine wanabana mpaka jioni. Mi msimamo wangu choo cha soko na cha stendi haja ndogo iwe bure. Nyie halmashauri, ushuru si mnakusanya kila asubuhi?

*Nikisafiri Dar kwenda Mwanza sinywi maji kuanzia jioni ya jana yake, kuna ubaya?*

Upo mdogo wangu, na najua kwa nini unafanya hivyo. Konda anasema dakika kumi za kuchimba dawa, wanaume wanageukia upande wa pili wa basi wamemaliza, sisi ndo kwanza tunatafuta kichaka. Lakini kukaa bila maji na kubana mkojo masaa yote hayo unawapa bakteria nafasi, mrija wetu wa mkojo ni kama sentimita 4 tu, wa mwanaume unafika kama 20. Kunywa kidogo kidogo, beba khanga, na kama ni usiku usiende porini peke yako, nendeni wawili wawili. Na abiria mdaini konda asimame penye choo, msinyamaze.

*Nikikalia choo cha umma ntapata UTI?*

Hapana. Kila wiki swali hili. Bakteria wengi wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wanatoka kwenye haja kubwa yako mwenyewe, jipanguse kuanzia mbele kwenda nyuma, na ukiungua nenda kapime mkojo, acha kununua dawa dukani kwa kubahatisha.

*Nataka kujenga choo cha kulipia sokoni, nipe ushauri.*

Matundu ya wanawake yawe mara mbili ya wanaume. Komeo la ndani linalofunga kweli, ndoano, taa, maji, ndoo yenye mfuniko kila tundu, na tundu moja pana lenye chuma cha kushikilia kwa wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Mlango usitazamane na kijiwe cha bodaboda. Weka pedi za kuuza na usipandishe bei, VAT yake ilifutwa 2018 ikarudishwa 2019 na mpaka leo hilo linaniuma. Halafu ufunguo usimpe mtu wa kufunga saa kumi na mbili jioni, wauza samaki wako pale mpaka saa tatu usiku.