Mbegu za mgagani hazioti: nifanyeje?

Dada, umesema mbegu ulivuna mwezi uliopita, ukazifukia, na wiki ya pili hakuna kitu. Hizo hazijafa, zimelala tu. Mbegu mbichi za mgagani, mboga hii ya majani (huku Gulu, kaskazini mwa Uganda, tunaita akeyo, Waganda ejjobyo) huhitaji kukaa kavu miezi mitatu hadi sita ndipo ziamke vizuri. Tafuta za msimu uliopita.

Tena usizifukie sana, sentimita 1 yatosha. Ni ndogo kama baruti, kwa hiyo mimi huzichanganya na mchanga mkavu nikamwaga kwenye mistari, la sivyo zote zinaangukia sehemu moja. Jua la kutosha, samadi iliyooza, na maji yasituame. Ukiona maua, yakate upesi, mmea utarudi kutoa majani.

Kuhusu uchungu ulioulizia: ule ukali ni wa ukoo, mgagani na haradali vina kemikali za aina moja. Chambua majani machanga, chemsha, mwaga maji, rudisha sufuriani. Kisha maziwa mala kikombe kimoja, moto mdogo, acha mpaka yakauke na majani yang'ae. Mwisho odii (ufuta na karanga zilizosagwa pamoja), vijiko viwili vikubwa, ukikoroga taratibu isigande chini. Wengine hulaza mpaka kesho yake ndipo wale, na kusema kweli kiporo chake ndicho kitamu. Kwa kalo (ugali) la wimbi, si kwa wali tafadhali.