Bei kwanza, mabango baadaye
Ndugu, umeuliza kama kweli supamaketi zinaweza kumfanya mtu apunguze nyama ale protini ya mimea, au ni kelele za matangazo tu. Zinaweza, ila mabango ya mazingira hayasaidii sana. Kinachofanya kazi ni bei na pale bidhaa inapokaa.

Chukua supamaketi za Lidl za Ujerumani. Oktoba 2023 walishusha bei ya bidhaa zao za mimea za Vemondo, nyingi zikalingana na za nyama za aina hiyohiyo. Nyingine wakazipanga jirani na nyama yenyewe, kwa hiyo anayefuata soseji anakutana nazo palepale. Baada ya miezi sita wakasema mauzo yamepanda kwa zaidi ya 30%.

Uholanzi wana ujanja ninaoupenda zaidi. 2024 Lidl ya huko ilileta nyama ya kusaga ya mchanganyiko: 60% ng'ombe, 40% protini ya njegere, na bei chini ya nyama tupu. Anayepika tambi hajahubiriwa chochote. Anakaanga kitunguu, anamimina nyanya, maisha yanaendelea.

Kwetu Dar dawa hiyo haiingii moja kwa moja. Maharage tunapima kwa Mangi, duka la mtaani, na bei yake haijawahi kuifikia nyama. Supamaketi za hapa zingetufaa kwa kuuza maharage yaliyokwisha chemshwa, kwa bei ya kawaida. Kinachotukimbiza maharage si bei, ni mkaa wa kuyachemsha kwa muda wa saa mbili.