Mfupa Ukishaunga, Usikimbilie Tandiko

Farasi aligoma mbele ya kiunzi cha mita 1.10, mimi nikapitiliza juu ya masikio yake. Tulikuwa mazoezini Karen, Nairobi, masika, ardhi imelowa. Mfupa wa paja la kushoto ulivunjika na madaktari wakaupitishia chuma ndani. Nakuandikia wewe uliyelala sasa hivi ukihesabu wiki.

Hata mimi nilihesabu. Kila daktari nilimuuliza lini nitapanda. Siku moja mtaalamu wa tiba ya viungo alitoa futi ya fundi cherehani, akapima mapaja yangu yote mawili sentimita 15 juu ya goti. La kushoto lilikuwa limepungua kwa sentimita 4. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa unaunga vizuri, ila msuli wa kumkalia farasi haukuwepo. Nilinunua futi yangu. Kila Jumapili nilijipima na kuandika ukutani, na zile wiki nikaacha kuzihesabu.

Kitandani nilisoma habari za Nick Skelton, mrusha farasi viunzi wa Uingereza. Alivunjika shingo mwaka 2000, akatangaza kustaafu, akarudi mashindanoni 2002. Dhahabu yake binafsi ya Olimpiki aliipata Rio 2016, akiwa na miaka 58. Hesabu hiyo miaka, halafu ujiulize unaharakia wapi.

Daktari aliponiruhusu, nilidhani kazi imekwisha. Kwa desturi farasi hupandwa kwa upande wa kushoto, na uzito wote huangukia mguu huo, ule ule wangu wenye chuma. Niliingiza kiatu kwenye kikuku cha tandiko, saisi wetu, mtunza farasi, ameshika lijamu, na mwili ukakataa. Jasho lilinitoka viganjani hadi hatamu ikateleza. Mzee wa watu hakunihimiza. "Leo msugue tu, mwanangu," aliniambia, "kesho yupo." Nikamsugua farasi saa nzima.

Usione haya kuanza hivyo. Tafuta ngazi ndefu ya kupandia, usijivute kwa mguu mgonjwa. Omba farasi mkongwe, yule anayefundishia watoto, na mtu amzungushe kwa kamba ndefu ili kazi yako iwe kukaa tu. Na woga usimfiche mwalimu wako. Mimi niliuficha wiki mbili, huku farasi anaujua: magoti yanabana, mikono inakaza, naye anainua kichwa na kukataa kutulia.

Kofia uliyoangukia, itupe hata kama huoni ufa. Povu la ndani likishabonyea halirudi, na pigo la pili litafika kichwani. Kama uligonga kichwa na bado kinauma au unaona kizunguzungu, usipande kabisa, hata matembezi.

Nilirudi mashindanoni baada ya miezi 14, kwenye viunzi vya sentimita 70, katikati ya watoto wa miaka kumi. Kabla ya zamu yangu niliutembea uwanja mara tatu, nikipima hatua kati ya kiunzi na kiunzi, maana pale nilipoanguka sikuwa nimepima. Tuliangusha ufito mmoja, wa kiunzi cha tano. Saisi alikuwa langoni na ngazi yake, tayari kunishusha.

Jumapili iliyopita tofauti ya mapaja ilikuwa nusu sentimita. Mwezi ujao tunapandisha viunzi hadi sentimita 80.