Mnaofunga taa kwenye redio za mkononi, jaribuni AM kwanza

Wiki hii nimeletewa redio ya tatu iliyofungwa taa ya kumulika kioo cha namba na vijana wa hapa hapa Mtwara mjini, na zote tatu zinanguruma. Wadogo zangu, nawapenda, ila hili kosa nalijua mpaka harufu yake.

1. Ukimaliza kufunga taa, sikiliza AM, FM itakudanganya. Mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu aliniletea redio ya betri mbili, anataka aone namba usiku akiwa majini. LED nyeupe inataka kama volti 3, betri zikichoka kidogo tu haiwaki, basi nikafunga kile kibao kidogo cha saketi cha MT3608 cha kupandisha volti. Nikajaribu FM, safi kabisa, akalipa akaenda. Siku ya tatu karudi asubuhi, suruali bado ina maji ya chumvi, hakufoka, kaiweka redio mezani akasema, "Mwanangu, jana sijasikia hata hali ya hewa, imelia ngurrr mpaka alfajiri." Sasa mtu wa majini hali ya hewa kwake siyo burudani, na kipindi kile kusi ilikuwa imechachamaa. Iliniuma sana.

Siku mbili nahangaika na kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji kinachochuja kelele kwenye waya, ya 100, ya 470, nikafika mikrofaradi 1000 mfuniko ukagoma kufunga. Nikazungushia foili pale kwenye kijiti cheusi cha antena, kelele ikapungua na stesheni zikapotea nayo. Kumbe MT3608 inakata na kuwasha umeme mara milioni 1.2 kwa sekunde, yaani kilohezi 1200, na AM yetu inaanzia 531 mpaka 1602, halafu mzigo ukiwa mdogo kama LED moja haitulii hapo, inarukaruka, ndo maana bendi nzima inanguruma. Nilikuwa nimemfungia mzee mtambo wa kurusha mawimbi sentimita tatu kutoka kwenye antena yake! Nikang'oa, nikaweka LED ya njano inayotosheka na volti 2, na rezista ya kupunguza umeme, ya omu 220, kutoka kwenye swichi, basi. Mwanga hafifu ila gizani namba zinasomeka, na hela yake nikamrudishia.

2. Lisha taa kwa betri za pembeni uone. Kelele ikiisha ilikuwa inapita kwenye waya, hapo ndo kapasita inasaidia. Ikibaki inapita hewani, hata ufunge kapasita kumi.

3. Hasi ya taa iende kwenye hasi ya betri moja kwa moja, siyo kwenye graundi ya spika.

4. Chomoa chaja zote za simu hapo mezani kabla hujaanza kusikiliza. Kijana wangu juzi kafungua redio nzima toka asubuhi, LED katoa, rezista katoa, inanguruma vilevile, nikanyoosha mkono nikazima ekstensheni, kimya.

Redio zenu tatu zipo hapa kwangu, wenyewe mnajijua. Njooni jioni tuzifungue pamoja, na mje na LED za njano.