Kambale wana mayai tumboni, mbona hawatagi?

SWALI: Nafuga kambale kwenye tangi la saruji. Majike wamejaa mayai lakini miezi inapita hawatagi. Fundi alitoa kitu kichwani mwa kambale mwingine, akakisaga na kuwachoma, kesho yake mayai yakatoka. Mara ya pili hayakutoka. Kwa nini?

JIBU: Alichotoa ni tezi ya pituitari, punje nyeupe iliyo chini kabisa ya ubongo. Kupitia tezi hiyo ubongo na ovari (mifuko ya mayai) husemezana. Ubongo hutoa homoni ya GnRH, pituitari ikaipokea na kumwaga homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu. Ovari hujibu kwa homoni ya estrojeni, inayoliamuru ini kutengeneza protini ya kiini cha yai. Estrojeni hiyohiyo hurudi hadi kwenye ubongo na kuujulisha mayai yamefikia wapi.

Majike wako wamekwama hatua ya mwisho. Ili yai lipevuke na kuachia, LH inatakiwa ipande ghafla, na dopamini, kemikali ya ubongo, inaizuia. Mtoni LH hupanda mvua zikinyesha na maji yakafunika nyasi za kingo. Tangini hakuna mafuriko, basi LH inabaki ndani ya tezi.

Sindano ya fundi inaupita ubongo kando: LH iliyokwisha kutengenezwa inafika moja kwa moja kwenye ovari. Tezi moja mbichi ya kambale aliyekomaa, dume au jike, inamtosha jike wa uzito uleule. Isage katika maji ya chumvi ya 0.9%, uchome kwenye msuli wa mgongo. Dawa ya sindano ya Ovaprim, kwa 0.5 ml kwa kilo ya samaki, inafuata njia nyingine: ina homoni ya kutengenezwa inayofanana na GnRH pamoja na domperidoni ya kuzima dopamini, hivyo pituitari ya jike mwenyewe ndiyo inayofanya kazi.

Iliposhindikana, shuku mayai kwanza. Yai changa haliitikii LH hata ukizidisha dozi. Yaliyo tayari yana upana wa milimita 1 hivi na yanalingana. Kisha angalia joto la maji: kwa nyuzi 25 kamua mayai kwa kubonyeza tumbo zikipita saa 11 hivi tangu sindano, kwa nyuzi 20 ni kama saa 21. Ukiwahi hayatoki, ukichelewa yanaharibika humo tumboni na vifaranga wanakuwa wachache.

SWALI: Dume naye achomwe?

JIBU: Si lazima. Dume wa kambale hakamuliki mbegu hata akichomwa, ndiyo maana huchinjwa na korodani zake kukatwakatwa juu ya mayai.