Hiyo tyubu ya "inamaliza yote" usimpake mtoto

Dada wa Ipuli hapo Tabora, hiyo tyubu iweke juu ya kabati kwanza. Umesema mtoto anajikuna usiku nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya mikono, muuzaji kakwambia ina dawa ya fangasi, ya bakteria na ya aleji kwa pamoja, halafu umeuliza sabuni na vyakula vya kuacha. Mimi niko Mwanga, Kigoma, na maneno hayo hayo niliambiwa juu ya mwanangu.

Wangu alianza na kiduara kinawasha paja la ndani. Kijana wa duka la dawa hata kumtazama mtoto hakutaka, akatoa tyubu akataja bei. Siku chache muwasho kwisha, nikasema hii ndo dawa. Nikiacha unarudi, nikipaka unatulia, ukirudi umetanuka zaidi, nanunua nyingine, ikafika mahali nakata tyubu kwa mkasi nikwangue iliyobaki ndani. Mwishoni ni paja zima, ngozi nyembamba inang'aa, kinenani michirizi myekundu, mtoto wa darasa la pili jamani! Daktari wa ngozi akakwangua magamba kidogo, yakaangaliwa kwenye darubini, fangasi. Tangu mwanzo ilikuwa fangasi na ile tyubu ilikuwa inainenepesha.

Nilimuuliza maswali mpaka wa kwenye foleni wakaanza kugonga mlango, ila nilielewa. Muwasho ni kinga ya mwili na neva zinaongea. Kinga ikishtuka, iwe kwa fangasi, upele (ule wa vidudu vinavyochimba ngozi na kuambukizana) au pumu ya ngozi (ekzema, ngozi kavu inayowasha na kurudi rudi), seli zake zinamwaga kemikali, histamini ni moja tu, zipo zingine zinaitwa intalukini, namba 4, 13 na 31 ndo zinatajwa sana kwenye pumu ya ngozi, na neva za kwenye ngozi zina vipokeo vyake, zikiguswa zinapeleka taarifa uti wa mgongo mpaka ubongo na mkono unaenda kukuna wenyewe hata mtoto akiwa usingizini. Kukuna kunachubua ngozi, ngozi iliyochubuka inashtua kinga upya, neva nazo zinawaka tena. Ndo maana vidonge vya aleji vinasaidia yale mabaka yanayovimba na kupotea, ila kwenye pumu ya ngozi mara nyingi vinamletea mtoto usingizi tu, kwa sababu vinazuia histamini peke yake.

Sasa soma maandishi madogo kwenye boksi, ukiona clobetasol au betamethasone hizo ni steroidi, na clobetasol iko kundi la nguvu kubwa kabisa. Kazi yake ni kunyamazisha kinga. Ni sawa na kumlaza mlinzi, kelele zitaisha lakini mwizi yumo ndani anabeba vitu. KWA HIYO MUWASHO KUISHA SI USHAHIDI KWAMBA UGONJWA UMEPONA, wala haukwambii ni ugonjwa gani. Kabla ya kupaka chochote chenye steroidi, ugonjwa ujulikane jina. Hapo sibadiliki.

Na hao wauzaji wananiumiza roho, mteja anarudi kununua ile ile kila mara na hawajiulizi kwa nini anarudi, wanafurahi tu.

Sisemi steroidi ni sumu. Pumu ya ngozi ikithibitishwa daktari anaandika ya nguvu inayofaa umri na sehemu ya mwili, anasema upake mpaka lini, na mafuta ya kulainisha yasiyo na marashi kila siku, watoto wengi wanapata nafuu kubwa. Na ulivyoelezea sehemu zinazomuwasha inawezekana kabisa wako ni hiyo, ila kwa maelezo ya hapa hakuna anayeweza kukuthibitishia, mpeleke aonwe.

Halafu hujasema kitu kimoja, wewe na wadogo zake mnajikuna usiku? Angalia katikati ya vidole na kwenye viganja. Kama mko zaidi ya mmoja mnaojikuna mwambie daktari mapema, upele wanatibiwa wote wa nyumba kwa wakati mmoja, mkimtibu huyo peke yake mtamrudishia nyie wenyewe.