Seva Dar, seva Dodoma: piga hesabu ya siku mbaya kwanza

Laini ya faiba kati ya Dar es Salaam na Dodoma huonekana inatosha mpaka siku seva iliyozimika inaporudi na kuanza kunakili data yote upya. Terabaiti 2 kwenye laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ni zaidi ya saa 4, tena laini ikiwa haina kazi nyingine. Kwenye megabiti 200 ni saa 22 na ushee, na wateja nao wanataka huduma muda wote huo.

Tenganisha trafiki kabla ya kulipia laini. Kuna ya watumiaji, kuna unakili wa data, na kuna mapigo ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja), yaani nodi, seva za kundi hilo, kuulizana kama zi hai. Mapigo ni madogo mno, lakini yakikwama kwenye foleni nyuma ya unakili, nodi zinadhani wenzao wamekufa na huduma inaanza kuhamahama bila sababu. Yape VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao uleule) na kipaumbele kwenye ruta za pande zote mbili. Watoa huduma wengine huzifuta alama za kipaumbele pakiti zikiingia kwao, kwa hiyo weka kikomo kwenye ruta yako chini kidogo ya kasi uliyonunua, tuseme asilimia 95. Foleni ikijengeka, ijengeke kwako, mahali unapoweza kuipanga.

Umbali nao haununuliki. Mwanga ndani ya faiba hutumia maikrosekunde 5 hivi kwa kilomita. Kilomita 450 kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5, na njia halisi ya faiba huwa ndefu zaidi. Hifadhidata inayosubiri jibu la upande wa pili kila inapoandika haitavuka miamala 220 kwa sekunde kwa muunganisho mmoja. Kama programu yako huandika mojamoja mfululizo, irekebishe hiyo kwanza.

Pima na ukubwa wa pakiti: `ping -M do -s 1472` kwenye Linux hutuma pakiti ya baiti 1500 bila kuruhusu igawanywe. Ukipitisha WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa), MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hushuka hadi 1420. Ukiisahau, SSH (kuingia kwenye seva ukiwa mbali) itaingia vizuri, halafu faili kubwa inaganda katikati.

Na nodi 2 huku na 2 kule hazina wingi wa kura wa kuamua upande upi uendelee na kazi laini ikikatika. Weka nodi ya kura ya tano mahali pa tatu, Arusha kwa mfano, ila hakikisha njia zake za kufika Dar na Dodoma hazipiti kwenye faiba ileile.